Breki za Dar na Mama Mkwe Kivukoni

Tangu juzi sipiti sokoni Ifakara, naona aibu. Kwenye kivuko cha Mto Kilombero abiria wote hushuka garini, dereva huingia peke yake. Mimi nikajitia mjuaji. Pikapu ilikuwa imetoka kutengenezwa Dar, kwa wakala aliyeniuzia, nami nilikuwa nampeleka mama mkwe Mahenge.

“Mama, wewe kaa humu humu,” nilimwambia. “Breki hizi zimetengenezwa na wataalamu, si fundi wa chini ya mti.”

Mteremkoni nikakanyaga breki. Pedali ikazama kama nimekanyaga matope. Nikakanyaga tena, hamna kitu. Magurudumu yakagonga mabati ya kivuko, na mbele niliona mnyororo mwembamba tu, kisha viboko wakipumua majini. Breki ya mkono nikaisahau kabisa. Nikafungua mlango, nikaruka.

Gari likajibamiza kwenye magunia ya mpunga yaliyopangwa pembeni mwa kivuko, likatulia. Kaseti ya kwaya ilikuwa bado inaimba. Nilipoinua uso, watu wote walikuwa wanakitazama kiti cha dereva, kitupu. Mama mkwe akateremsha kioo taratibu.

“Baba,” akasema, “kama tulikuwa tunashuka, si ungeniambia?”