Maji Matamu ya Ng'ambo ya Ua

Siku mashine ya kuchimba kisima ilipopata maji kwa jirani yangu, nilikuwa nikikwangua birika. Kila wiki birika letu lilishika ukoko mweupe, nami nilikuwa nimezoea kuubandua kwa kijiko huku nikinung'unika. Nikasikia vigelegele ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba, nikatoka. Jirani, mjane aliyehamia huku Kitengela kutoka Machakos, alikuwa amelowa hadi magotini, anakinga maji kwa kiganja na kuyanywa.

"Ni tamu!" akanipigia kelele. "Dada, kuja uonje!"

Sikwenda. Sisi tulikuwa tumechimba kisima chetu miaka saba kabla yake, hatua chache kutoka ua huo huo, tukapata maji ya chumvi yanayokataa hata kutoa povu la sabuni. Nilijiambia furaha yake haitamaliza wiki.

Jioni alituletea mtungi mzima, nikapika chai. Mume wangu akamaliza kikombe, akajimiminia cha pili, akasema, "Leo umepika chai." Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kusifu chai yangu, na siku aliyoisifu, sifa ilikuwa ya kisima cha mwanamke mwingine.

Tangu hapo sikuwa na raha. Shuka zake zilianikwa nyeupe pepe, zangu zilikuwa na rangi ya majivu. Sukuma wiki yake ilistawi, yangu iliungua kingo za majani. Shawa yetu ilipoziba, fundi alikata kipande cha bomba la chuma akanionyesha ndani: chumvi ilikuwa imegandia pande zote, palibaki tundu ambalo hata kalamu isingepita.

"Mama, hii maji yenu inakula bomba," alisema. "Huyu jirani yako amebahatika sana."

Nilimwacha aende bila kumpa hata chai.

Jirani alikuwa akiwaachia watu wachote maji bure. Jumapili moja baada ya ibada, akina mama wa kanisa letu wakawa wanamsifu. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, "Lakini hayo maji yamepimwa? Nasikia kuna mtoto aliumwa na tumbo." Sikuwa nimesikia lolote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo neno langu huaminika. Haikuchukua muda, mitungi ikapungua langoni kwake, mwisho ikaisha kabisa. Nami, aibu ninayo kulisema, nikaanza kulala vizuri.

Kisha akaja kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, leso mkononi.

"Watu wanasema maji yangu iko na shida," alisema. "Mwalimu, wewe unajua hizi mambo. Nisaidie niipeleke ipimwe."

Nilikubali upesi, kwa kuwa nilitumaini yataonekana mabaya. Nikajaza chupa ya kwetu pia, ili siku hiyo tuwe sawa, wote wawili na maji mabaya.

Tulirudi pamoja maabara kuchukua majibu. Binti aliyetuhudumia alisema maji ya jirani ni mazuri ya kunywa. Halafu akaiangalia karatasi yangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Floridi ni nyingi sana hapa. Hiyo inatia meno ya watoto madoa. Kuna mtoto anakunywa hii?"

Nilikuwa naye mmoja, msichana wa miaka saba, meno mapya ya mbele ndiyo yameota. Yalikuwa na mistari ya kahawia ambayo nilidhani ni uvivu wa kupiga mswaki. Nilimgombeza asubuhi ile ile.

Kabla sijafungua mdomo, jirani akajibu, "Atakunywa ya kwangu."

Tulitoka nje. Nikamshika mkono. "Yale maneno ya kanisani yalitoka kwangu," nikasema. "Hakuna mtoto aliyeumwa."

Aliuondoa mkono wake. Tukatembea hadi stendi.

"Mtoto wako hana makosa," alisema hatimaye. "Lete fundi kesho avute bomba. Lakini Jumapili utasimama uwaambie hao wamama wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia kusema."

Nilisimama. Nilishika karatasi yake ya majibu kwa mikono miwili, nikasema nilidanganya, na sababu ni wivu. Hakuna aliyecheka. Mmoja tu aliuliza, "Na wewe ni mwalimu?"

Sasa bomba jembamba la plastiki limepenya chini ya kayaba hadi jikoni kwangu. Mitungi imerudi langoni kwake. Tunasalimiana vizuri, ingawa haniiti dada tena, ananiita mwalimu. Ningependa kusema wivu umeisha. Wajukuu wake wanapokuja likizo, wanacheza na binti yangu uani, na wanapocheka naona meno yao, meupe yote. Binti yangu huziba mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyemfundisha, na kila nikimwona natamani kile kisima kingekuwa upande wetu.