Niliogopa Kikapu, Nikamvunja Mtoto wa Watu

Msinionee huruma, jamani. Nimekosa, tena kwa akili zangu timamu. Sikuwa nimelewa, wala hakuna aliyenishawishi. Nawaandikia kwa sababu nimeshajaribu kuwaambia watu ana kwa ana, na mtaona wenyewe kilichonipata.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo kimoja hapa Mwanza, chini kabisa karibu na ziwa. Chuo chetu ni cha mpira. Ukipanda bajaji ukataja jina la chuo, dereva anakuuliza mshambuliaji wenu mwaka huu ni nani. Nilisoma pale, nikacheza namba sita pale, nikarudi kufundisha pale. Kwenye ukuta wa getini kuna mchoro wa mchezaji anapiga shuti, na wazee wote wa mtaa wanajua aliyechorwa ni mimi, enzi hizo bado nina nywele.

Nyuma ya bwalo kuna sakafu kubwa ya saruji, msingi wa jengo ambalo halikujengwa. Akaja mwalimu mmoja kijana, nimwite Madam Neema. Akaomba mabomba mawili ya chuma, akachomelewa ringi, akachora mistari kwa rangi nyeupe. Nikamcheka!

"Binti yangu, hapa unaanzisha nini? Sarakasi?"

"Mpira wa kikapu, Mwalimu. Karibu utuangalie."

Ndani ya mwaka mmoja kicheko kikaniisha. Wanafunzi wakahamia kwenye ile sakafu, wavulana kwa wasichana. Siku moja timu yangu ya mpira ilicheza mbele ya watazamaji watatu na mbuzi. Kule nyuma ya bwalo watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ukuta.

Na yote hayo kwa sababu ya msichana mmoja. Nimpe jina la Kabula, mtoto wa wakulima kutoka Sengerema, mrefu, mpole, ukimsalimia anapiga goti. Lakini akishika ule mpira, loo! Chuo kikuu kimoja cha Dar kilishamtazama mara mbili. Walikuwa waje mara ya tatu, kisha wamchukue akasome shahada bila baba yake kutoa hata senti.

Basi Mkuu wa chuo akatuita kikaoni. Akasema mpira wetu umechoka, kikapu ndicho kinachotuletea vikombe, kwa nini chuo kisijulikane kwa kikapu? Wengine wakapiga makofi. Mimi nikamuuliza kama chuo ni shati, ulichoke leo uvae lingine kesho. Akatabasamu tu.

"Nyakati zinabadilika, Mwalimu. Hata ule mchoro wa getini tutaubadilisha."

Nilitoka pale nikaenda kuutazama ule mchoro. Nilijiona nimefutwa mimi, mzima mzima, nikiwa bado napumua. Hapo ndipo shetani aliponipata, na wala hakutumia nguvu.

Chini ya chuo, ufukweni, kuna kina mama wanaanika dagaa. Kipindi cha mvua wanateseka sana, maana mchanga ukilowa dagaa wanaoza. Kiongozi wao, Mama Mkami, alikuwa ameomba miaka mingi waanike kwenye ile sakafu yetu, na miaka yote tulimkatalia. Ikaja likizo fupi ya wiki moja, nikaachiwa mimi kusimamia chuo. Nikamfuata mwenyewe.

"Mama Mkami, leteni dagaa wenu. Wiki nzima ni yenu."

Alitaka kunibusu mikono! Aliniona mtu wa Mungu. Kumbe mimi nilitaka wanafunzi warudi wakute harufu na kunguru, wakikinai kile kikapu chao wanirudie uwanjani. Hiyo peke yake ingekuwa ujinga tu, ningesamehewa.

Ijumaa jioni wakamaliza kuanua. Mama Mkami akaja mlangoni kwangu na ufagio mkononi.

"Mwalimu, tumefagia, lakini sakafu imenyonya mafuta ya dagaa. Ikipata maji itateleza vibaya. Tufungulie bomba utupe na sabuni, tuisugue."

Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia nendeni mkapumzike mama zangu, nitaisugua mwenyewe na vijana. Akanishukuru, akaenda zake.

Sikuisugua. Kesho yake wanafunzi wanarudi, kuna mechi ya kikapu, na wageni wa kile chuo kikuu cha Dar wanakuja kumtazama Kabula. Nilitaka wateleze mbele ya wageni! Nilitaka wachekwe! Kuvunjika mtu sikukuwaza, naapa, lakini sasa hilo linasaidia nini?

Jumamosi Madam Neema akanipitia ofisini. Mkaguzi wa viwanja vyote ni mimi, hakuna mechi bila neno langu.

"Shikamoo, Mwalimu. Uwanja umekaguliwa?"

"Marahaba. Uko sawa, chezeni."

Hivyo tu. Saa nane yakapita manyunyu, hata hayakulowesha shati. Wakapangusa sakafu kwa madekio, wakaona imekauka; harufu wakadhani ni ya ufukweni. Mafuta ya dagaa hayatoki kwa dekio, jamani.

Mchezaji wa kwanza kuteleza alikuwa wa timu pinzani. Watu wakacheka, nami nikacheka. Akateleza wa kwetu, nikacheka zaidi, nikasema moyoni, ndicho kikapu chenu hicho. Nilikuwa nimesimama pembeni, mikono mfukoni, nafurahi.

Kabula akaruka. Aliporudi chini mguu mmoja ukaenda kivyake, na mwili ukaenda kivyake. Ule mlio nimeusikia mimi, na ile sauti aliyotoa mtoto wa watu nimeisikia mimi. Mungu wangu! Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nikambeba mgongoni mpaka barabarani, nalia kama mwendawazimu, na watu wakasema, tazama mwalimu alivyo na upendo.

Daktari akasema nyuzi za goti zimekatika, hatacheza tena. Wageni wa Dar wakamwachia pole na biskuti, wakaondoka. Mkuu akasema ni mvua. Wote wakasema ni mvua. Nami nikasema, "Ni mvua kweli, Mkuu."

Sakafu ikafungwa. Madam Neema akaomba uhamisho. Kikapu kikafa, na mchoro wangu getini ukabaki. Na mpira wangu je? Haukufufuka! Vijana hawana hamu ya mchezo wowote. Tulikuwa na chuo cha kitu fulani, sasa tuna majengo.

Mama Mkami alinijia mara moja tu. Hakupaza sauti. "Mwalimu, mimi nilikuambia." Nikamjibu akisema popote, ni wao watakaoshtakiwa kwa kuanika dagaa kwenye mali ya chuo. Naam, nilimtisha mama wa watu. Akaondoka kichwa chini.

Ningeweza kukaa na hilo mpaka kufa, mjue mimi ni mtu wa namna gani. Lakini mwezi uliopita Kabula akanipigia simu kutoka kwao Sengerema.

"Mwalimu, nyumbani kumeharibika. Wanasema nimerogwa. Wamempata mchawi."

Mchawi mwenyewe ni shangazi wa baba yake, mjane, anayeishi kijumba cha pembeni. Macho mekundu kwa moshi wa kupikia, na huku kwetu macho hayo huitwa ya kichawi. Siku Kabula anaondoka kuja chuo, bibi alimwambia kwa mapenzi tu, "Mjukuu wangu, kurukaruka huko utavunjika mguu." Sasa mguu umevunjika. Mganga waliyemwendea akasema mmeona? Aliutamka mwenyewe!

Enyi watu wa kanda hii, hamhitaji kuambiwa bibi kizee akishatajwa hivyo kinachofuata ni mapanga. Sikulala. Asubuhi nikavuka kwenda Sengerema.

Nilimkuta baba yake Kabula uani na vijana wa ukoo. Nikapiga magoti, mtu mzima mimi. Nikasema yote: dagaa, mafuta, sabuni, ufunguo. Nikasema bibi hana kosa, mkosaji ni mimi.

Yule baba akanishika mkono akaniinua. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mwalimu, wewe ulimbeba mwanangu mgongoni. Nimekuelewa. Umekuja kumtetea mzee, umekubali hata kujichafua. Una moyo mzuri. Ila haya ya ukoo tuachie sisi."

Nikaapa! Nikalia! Nikawaambia wampigie Mama Mkami wamuulize! Mmoja wa wale vijana akacheka, akasema tangu lini dagaa wakavunja mguu. Nikauliza bibi yuko wapi. Wakatazamana. "Ameondoka." Ameenda wapi? Nikaenda kwake mwenyewe. Mlango wa kijumba ulikuwa umeng'olewa.

Nimeripoti kwa mtendaji wa kijiji, nimeripoti polisi. Wanasema wanafuatilia. Mpaka leo ninapoandika haya, bibi hajulikani aliko.

Aliyeniamini ni mmoja tu. Kabula alikuwa amekaa kwenye kigoda, magongo yake pembeni, amesikia kila neno. Nilipokuwa naondoka akaniita.

"Mwalimu. Kwa hiyo siku ile ulisimama pale ukisubiri nianguke?"

Nikamjibu ndiyo.

Hakulia. Aligeuza uso ukutani, na sijaisikia tena sauti yake.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna jambo umelifanya na wengine wanadhani ni mvua, liseme leo. Nenda hata kama hujanawa uso. Usingoje wakuone mtu mwema, maana wakishakuona mwema, siku utakayosema kweli watakuambia pole na kukupa kiti, na mwingine atakuwa ameshabebeshwa kosa lako.