Jiko la Nyanya Lisilo na Moshi

Juzi nililizunguka jiko la nyanya mara nne na sikupata pa kukaa. Si kwamba viti havikuwepo. Kampuni ya majumba imeweka mabenchi ya simiti, ikapanda maua, na mlangoni ikabandika kibao kinachosema jiko hili la kale linatunzwa kwa hisani yao. Nembo yao ni pana kuliko mlango. Afisa wao, mama mpole mwenye faili, alikuwa akinisubiri nitie sahihi, nami nikawa nazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Shamba hilo, nje kidogo ya mji wa Meru, lilikuwa letu. Tulipoliuza, kampuni iliahidi kwamba katikati ya maghorofa yake jiko la nyanya litabaki lilivyo: kuta za udongo, paa la nyasi na mafiga matatu. Familia ikaniachia mimi shughuli hiyo kwa sababu nililelewa humo. Nilifurahi, sikufichi. Nilijiona mtu.

Humo ndimo nilimojifunza kumenya nduma bila kuwashwa mikono, na kuponda mukimo, viazi na mahindi pamoja, mpaka mabega yaume. Juu ya moto kulikuwa na dari ya fito, nyanya alikoweka mahindi ya mbegu yapigwe moshi, fukusi wasiyaguse. Paa lote kwa ndani lilikuwa jeusi kwa masizi. Tulikohoa, macho yakatuwasha, na tukilalamika nyanya alikuwa na jibu moja: "Moshi ndio unashikilia hii nyumba." Tulidhani anatunyamazisha tu.

Kazi yangu ilikuwa kufukia makaa kwenye majivu kila jioni, ili asubuhi tusikose moto. Siku moja nilinogewa na mchezo wa kamba, nikasahau. Kulipokucha majivu yalikuwa baridi. Nyanya hakunichapa. Alinipa kigae cha chungu akanituma kwa mama jirani kuomba moto, na mama yule alikuwa na mdomo. Alitazama upande wa kwetu, akanitazama mimi. "Leo sioni moshi kwenu," akasema. "Mmehama?" Yeye alicheka. Mimi nilirudi na makaa yangu nikilia njia nzima.

Sasa nikwambie kilichonipeleka huko juzi. Mapau ya lile paa yameliwa na wadudu. Ukigonga kidogo, unamwagikiwa na unga. Afisa alisema mafundi wao wameshangaa, maana walilitunza vizuri sana, hata masizi waliyasugua yote ili wageni wasichafuke. Walitaka kibali cha familia waweke paa la vyuma na nyasi za plastiki. Nisipokubali, jiko litabomolewa kabla halijamwangukia mtu.

Nikamwambia dawa ni rahisi. Wekeni mapau mapya ya miti, halafu washeni moto humo kila siku. Wadudu hawakai kwenye moshi.

"Lakini mama, moto hauruhusiwi," akanijibu, bila ubaya wowote. Akafungua faili akanionyesha mkataba wa kwanza. Kulikuwa na sharti kwamba moto hautawashwa kamwe ndani ya jiko, na chini yake sahihi yangu, nzuri, imenyooka. Na nililisoma siku ile, usidhani nilidanganywa. Niliona ni busara, moto na nyasi wapi na wapi. Maneno ya nyanya hayakunijia hata kidogo. Nilijichukia pale pale, mbele ya yule mama wa watu.

Nilimrudishia kalamu. Jiko la vyuma na plastiki sikuliweza. Nikamwomba mafiga. Alishangaa kidogo, akasema nichukue, ni mawe tu. Askari wa getini akanisaidia kuyatia mawili kwenye gunia, tukayafunga nyuma ya bodaboda. La tatu nililipakata. Lilikuwa safi, halikunichafua hata kidole.

Wiki ijayo wanabomoa. Mimi nyumbani napikia gesi, na sijui hayo mawe nitayaweka wapi.

Tulipofika ilipokuwa nyumba ya jirani, siku hizi ni maegesho ya magari, nilimwambia mwenye bodaboda apunguze mwendo. Nikamjibu yule mama jirani swali lake, miaka yote hii imepita. Ndiyo, mama. Tumehama.