Ekseli ya Mutiso

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya Makina, Kibera, miaka ya mwanzo ya uhuru, fundi mkuu hakunipa nyundo. Alinipa ekseli kuukuu, ule mhimili wa magurudumu, pamoja na kitambaa, mafuta ya taa na chaki.

"Paka mafuta, panguza pakauke, nyunyiza unga wa chaki. Halafu ngoja."

Nikangoja. Mstari mwembamba mweusi ukajitokeza juu ya chaki: mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yalikuwa yanarudi nje.

"Umeuona ugonjwa," akasema. "Sasa niambie utaua lini."

Hilo lilinichukua miaka. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hupasuka ghafla kama kikombe. Chuma laini cha ekseli hujipinda kwanza, na huko kujipinda ndiko kuonya kwake. Ufa wa urefu wa ukucha kwa juu, ndani umeshazama kama nusu mwezi, na kila mzigo unauzamisha zaidi.

Baadaye nilihamia karakana ya mtaa wa Kongo, Kawangware, tukiunda mikokoteni kwa ekseli za magari makuukuu. Huko mazoea yalikuwa kunyoosha. Ekseli ikipinda, tunaigonga ikiwa baridi mpaka inyooke. Tulilifuta onyo, na uvumilivu uliobaki ndani ya chuma tukaumaliza sisi wenyewe.

Mutiso, msukuma mkokoteni kutoka Kitui, alileta ekseli yake imepinda. Nikaipaka chaki, nikamwonyesha mstari.

"Safari nyingine haitapinda, Mutiso. Itakatika. Na itakatikia kwenye mteremko."

"Kwani wewe ni fundi ama mganga?" Wenzangu wakacheka. "Nyoosha bwana, viazi vinaningoja sokoni."

Nikanyoosha.

Ilikatikia mteremkoni, mzigo ukamlalia. Tulimsindikiza kwao kumzika. Ekseli ililetwa karakana: ufa wa zamani ulikuwa nusu mwezi yenye kutu, na sehemu iliyokatika siku ile iling'aa. Msimamizi wa karakana aliitundika ukutani. "Huyu alisema!" aliwaambia wateja, akininyooshea kidole. Wakaja hata kutoka Kibera. Wakaniita Mzee Chaki, na kwa jina hilo nililea watoto wangu.

Siku ya kustaafu waliishusha wakanipa. "Zawadi yako, mzee. Wewe ndiye uliyeona."

Kuona, hata Mutiso aliuona ule mstari. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Nilisema asante, macho chini.

Kusoma ufa nitawafundisha, vijana. Lakini ekseli ikiletwa imepinda, ikateni vipande viwili kwanza. Mwenyewe mtamsikiliza baadaye, akiwatukana.