Maziwa ya Vatma

Mvua zilipoleta maziwa tele kambini, mama mkwe wa Salka alifika na vijiti vyake viwili, vile vya kubana vidole vya miguu vya binti anayenenepeshwa ili aolewe, akikataa kunywa. Vatma, bintiye Salka, alikuwa na miaka minane na miguu kama ya mbuzi wa kiangazi.

"Nani ataoa mifupa hii?" bibi aliuliza. "Watu watasema kwetu kuna njaa."

Salka alivijua vijiti hivyo. Kidole chake kimoja kilipindishwa navyo utotoni, hakikunyooka tena. Hakuthubutu kubisha. Lakini kila bibi alipotoka kwenda kuswali, Salka alilinyakua bakuli la maziwa la Vatma akalimaliza yeye, huku moyo ukimwenda mbio, moyo uleule ambao daktari alimwambia umechoka kuubeba mwili wake.

Maziwa yalipoanza kupungua, bibi alimpapasa mjukuu mbavu. Kisha akamtazama Salka, aliyekuwa akihema kwa kuinuka tu.

"Umenawiri, mwanangu," akasema taratibu. "Mtoto ndiyo kwanza anakonda. Leo nitaswali humu humu hemani."

Akavitoa vijiti. Vatma alikuwa tayari amevifukia vidole vyake mchangani.