Karema Migongoni mwa Wakwe

Aibu hii nimeikimbia vya kutosha, na kwa kuwa nyie mmeshaisikia kwa shangazi yangu ikiwa imetiwa chumvi, bora niwape mwenyewe.

Nilirudi Misunkumilo nimemaliza chuo kikuu, na sandukuni nilikuwa na picha niliyopewa na rafiki yangu Mjapani aliyekuja kujifunza Kiswahili: vijiji vya wavuvi vimebanana kati ya kilima na bahari, mitumbwi imevutwa mchangani, mvua inashuka kama nyuzi, na yote hayo yalichongwa kwenye ubao, yakapakwa rangi, yakagandamizwa kwenye karatasi. Baba, mzaliwa wa Karema kule ziwani, akaitazama weee, akasema, "Hapa si kwetu?" Mimi (mnanijua, lazima nihoji) nikajiuliza: kama ni ubao tu, nani kasema ubao ni wa Wajapani peke yao, na mninga umejaa Mpanda?

Basi nikachonga Karema. Wino nikatengeneza kwa masizi ya koroboi na mafuta ya karanga, nikachapa kwenye vitambaa vyeupe vya makochi, maana washenga wa mpenzi wangu Masanja walikuwa wanakuja kutoka Mwamkulu kuniposa, na nilitaka wajue wanaposa mtu wa namna gani. Kanisa la Karema, ambalo nililichonga kulia, likatokea kushoto. "Umelihamisha," Baba akasema. "Ndiyo sanaa," nikajibu. Shangazi akauliza kama wino utakauka. "Shangazi, mimi nimesoma." (Kila kitu nilikihoji, isipokuwa mimi mwenyewe.)

Siku yenyewe nikawekwa chumbani pamoja na Shangazi, kwa kuwa binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Nikamsikia Baba sebuleni, "Egemeeni, wakwe, hapa ni kwenu," na papo hapo nikaona kiganja cha Shangazi, aliyekuwa ametoka kunyoosha vitambaa: cheusi tii!

"Shangazi, haujakauka!"

"Kaa chini. Ukitoka, hao wanaondoka."

"Na mashati yao?"

"Kaa, wewe!"

Nikatoka. Nikachana pazia nikipiga kelele, "Msiegemee!" Wazee wakaruka wima wakidhani nyoka, wakageuka kuangalia walipokaa, na mgongoni mwa kila shati jeupe nikaona mitumbwi, nyavu na mnara wa kanisa.

Baba akajifunika uso. Mshenga mkuu, baba mkubwa wa Masanja, akavua shati, akalitazama polepole.

"Binti, ng'ombe wetu wakichanganyika na wa jirani, tunawajuaje?"

"Mnawapiga chapa," nikasema.

"Basi na sie tumeshapigwa. Tutaendaje nyumbani kusema sisi si wenu?"

Sebule nzima ikaangua kicheko, Shangazi kule chumbani akapiga kigelegele.

Shati lile halikutakata. Baba mkubwa hulivaa mnadani, na kila nikimwona kwa nyuma natembea kifua mbele: ubao uliligeuza kanisa, kitambaa kikaligeuza tena, limerudi kulia lilipostahili kuwa. Wino wa mafuta ya karanga sigusi tena, na kabla ya kuchapa chochote namwuliza Shangazi. Ila Karema yangu, jamani, ilitoka safi.