Klova Yenye Umande

Wenye midomo yao walisema ana moyo wa jiwe, eti mume kafa na jicho lake kavu. Binadamu, jamani, hata matanga hayajapoa! Ukweli ni kwamba mama wa watu hakuhisi kitu. Alikula bila ladha, akalala, akaamka, akashika kazi. Ganzi tupu.

Shamba lao lilikuwa la klova, malisho yenye vijani vitatu vitatu na maua meupe yaliyojaa nyuki. Ukanda wa chini, ubavuni mwa pori, marehemu aliwaachia swala makusudi. "Mnyime swala uone kama uzio utasimama," alizoea kusema. Majirani walimcheka, hadi mahindi yao yalipoliwa.

Ng'ombe waliuzwa wakati wa ugonjwa wa marehemu, akabaki jike mmoja mwenye mimba. Akifa huyo, mama hana kitu. Asubuhi moja alimfungulia lango, akaenda kuosha ndoo za maziwa. Sasa klova mbichi yenye umande ni tamu, ila kwa ng'ombe mwenye njaa ni balaa: povu hujaa tumboni, hewa haitoki. Swala hudonoa hapa na pale akaenda zake. Ng'ombe hajui kusema basi.

Alipoinua macho, ubavu wa kushoto wa yule jike ulikuwa umevimba kama ngoma. Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuja mbio na kiatu kimoja.

"Mungu wangu! Shemeji, lete mafuta ya kupikia! Na kijiti!"

Wakamfunga ng'ombe kijiti mdomoni ili atafune, wakammiminia mafuta, wakamsukuma kupanda mteremko. Mama alikanda ule ubavu huku akiwaza, akifa tutamchuna. Wazo lilikuja baridi, wala halikumtisha.

Mara ng'ombe akacheua. Mcheuo mrefu, wenye harufu, usoni mwa shemeji.

"Salamu zimefika!" shemeji akasema, akijifuta, akicheka mpaka akaketi. Ubavu ulikuwa unashuka. Ng'ombe amepona.

Kicheko kilipokwisha, akamgeukia. "Lakini shemeji, wewe si mgeni wa kazi hii. Majani makavu kwanza, klova baadaye. Nani asiyejua? Ilikuwaje?"

"Makavu si kazi yangu," mama akajibu, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Ni kazi ya kaka yako. Kila asubuhi yeye analisha, mimi nafungua lango. Nilijua ameshalisha."

Shemeji akamtazama.

Ndipo mama akasikia alichokisema. Akakaa palepale kwenye klova, akamlilia mumewe kwa sauti, hadi majirani wakatoka nje.